Kistari, Kisha Herufi

Mamboleo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyuma,
naandika amri ya kuifikia hifadhi iliyo mbali:
diski ziko Kisumu, mkono uko Mbale,
katikati ni Kiboswa, mawe ya Maragoli,
na waya uliozikwa kando ya barabara.
Amri yenyewe nimeipa neno moja: unga.
Sewe akacheka. Wa mahindi ama wa muhogo?
Wa kuunganisha, nikamwambia, kaa tufanye kazi.

Neno moja halitoshi. Kitenzi hakitembei uchi:
soma huzaa somea, someka, somesha,
na amri nayo hudai viambishi vyake.
Unga kwa kusoma tu. Unga kwa kuandika.
Unga, na waya ukikatika, usikate tamaa.
Sewe anataka kila chaguo liwe kistari na herufi moja;
vidole vya usiku, asema, havipendi safari ndefu.

Tukagawa herufi kama ndugu wanaogawa shamba la marehemu.
Soma akaichukua S. Subiri akalalamika,
tukambadilisha jina, akawa ngoja,
tukampa N, akanyamaza.
A ya andika. R ya rudia.
Tulipofika F kalamu ikasimama ubaoni.

Fungua anaitaka. Funga anaitaka,
na kati ya hao wawili ni u moja tu,
irabu nyembamba kama ufa wa mlango.
Fuata naye yumo.
Nyuma yao wote, mikono mgongoni,
amesimama futa.

"Mpe futa," Sewe akasema. "Ndiye mwenye kazi kubwa."
Nikampa. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi,
mvua ikijikusanya upande wa Nandi.

Jumatatu Kageha akaijaribu kutoka Mbale,
karani wa kumbukumbu za hospitali, miaka kumi na tisa
ya kuandika majina ya watu kwa wino wa buluu.
Tulimwekea picha za bandia za mifupa ya bandia,
mia nne na sita.
Hakusoma mwongozo wetu. Nani husoma mwongozo?
Aliona mlango, akatafuta ufunguo:
unga, nafasi, kistari, f.

Simu ikalia.
"Imefunguka," akasema, "lakini ndani ni peupe."

Peupe.
Sewe alitazama dirisha, mimi nikatazama ubao.
Tungeweza kusema kidole kimekosea.
Hakikukosea. Kidole kile kilijua Kiswahili
kuliko sisi wawili na ubao wetu.

Usiku huo nikaing'oa F. Haina mwenyewe sasa.
Ukiiita, amri hukuuliza taratibu:
kufungua, kufunga, ama nini, mwenzangu?
Na anayetaka kufuta aandike futa, herufi zote nne,
kisha jina kamili la hifadhi,
kisha jina lake yeye.
Zipo safari ambazo vidole sharti vizichokee.

Likabaki lile la kungoja. Waya hukatika:
trekta la miwa, mafuriko, panya, mtu na jembe lake.
Amri ingoje hadi lini?
Milele, asema Sewe; mwenye subira hapotezi faili.
Nusu dakika, nasema mimi, kisha irudi na jibu.
Tulibishana hadi chai ikafanya utando.
Nikampigia Kageha. Nyuma yake mtoto analia,
foleni inakokota miguu sakafuni.
"Heri iniambie haiwezi," akasema,
"nichukue daftari langu."

Basi nimeandika: sekunde thelathini.
Asiyeridhika aongeze N.
Sewe bado hajakubali. Ameacha maoni yake
pembeni mwa msimbo, mistari sita, maneno makali,
na kosa moja la tahajia.
Sijaifuta.