Mkono Mdomoni

Miaka ishirini na sita, shuleni Kolwa,
niliandika ubaoni: mkono mtupu haulambwi,
nikawataka darasa la saba wanipe maana.
Sasa maana ninayo mwenyewe.
Daktari alikata ulimi nusu,
akabandua ngozi ya kigasha cha kushoto
akaishona palipobaki pengo.
Mkono umehamia mdomoni.
Haulambwi, wala haulambi.
Haujui chumvi. Umeota vinyweleo viwili.

Saa nne huja Muhonja na kijiko cha chai,
na uji mzito, karibu usimame wenyewe.
"Inamisha kidevu, Mwalimu. Ziba pumzi. Meza.
Kohoa. Meza tena."
Vitenzi vitano, vyote vya kuamuru.
Ningempa alama zote.

Nilidhani kumeza ni tendo moja.
Kumbe ni ngazi,
nami nimesahau mguu upi hutangulia.
Uji unazubaa shavuni,
kisha unateremka kabla sijauita,
na kidakatonge,
neno nililowahi kulitungia swali la mtihani,
kinachelewa kudaka.
Napaliwa. Machozi, kikohozi, taulo.
Mama wa Ahero, kitanda cha pili, anageukia ukuta
nisione kwamba ameona.

Ndugu yangu Elisafan hula ugali wake nje, kwenye ujia,
akiwa amesimama, haraka, kama mwizi.
Akiingia ananiuliza kwa mazoea, "Umekula?"
Halafu anautazama mrija puani mwangu
na kuanza kusifu mapazia.

Jioni mvua hushuka kutoka upande wa Nandi,
ikafikia mabati, mfereji, pipa,
bila kufundishwa na mtu.
Naionea wivu. Wivu wa mtu mzima, juu ya maji!

Alhamisi haikuwa uji.
Ilikuwa supu ya ngege, imechujwa, imekazwa kwa unga.
Muhonja aliweka vidole viwili kooni kwangu,
kama anayesubiri hodi.
Kidevu. Pumzi.
Koo likapanda,
likashuka.
"Sema aa."
Nikasema aa.
Aliinamisha sikio, akatafuta maji ndani ya sauti.
"Kavu," akasema. "Kavu kabisa."

Ndipo upande wa kulia, kwenye kipande kilichosalia,
kitu kikachoma: limau.
Kigasha kilikuwa kimelala tu, hakina habari.
Nikakieleza polepole, kama mtoto wa kiti cha nyuma:
hii ndiyo limau.

Muhonja ameandika: vijiko vitatu.
Nimenyoosha vidole vinne.