Mtoto wa Jicho la Kushoto

Miwani ile ilining'inia msumarini miaka kumi na tisa,
mizito, ya kioo cha risasi.
"Inanitia ukungu," alisema Daktari Vakhtangi,
"na mshipa wa moyo ni mwembamba kuliko utambi.
Nitauonaje nikiwa ndani ya mvuke?"
Basi sisi wa Kutaisi tukavaa aproni za risasi,
neno moja, linaloua na linalokinga,
tukafunika kifua, kizazi, koo,
tukaacha wazi madirisha mawili ya kichwa.

Alisimama siku zote upande uleule,
bomba la mionzi likiwa kushotoni kwake.
Mionzi ilimpiga mgonjwa, mingine ikaruka
kama mafuta ya kikaango, ila haichomi, hainuki,
hata kope haikushtuka.
Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma, nikimpa nyaya.
Hatua mbili. Ndizo ninazozihesabu usiku.

Lenzi, alinifundisha mwenyewe, haina damu.
Ngozi hubambuka, utumbo hujivua;
lenzi hutunza kila seli iliyowahi kuipata,
za tumboni mwa mama katikati, za jana juu yake,
kama mchoyo asiyetupa hata ganda la kitunguu.
Seli iliyojeruhiwa haina pa kutokea.
Hujikokota hadi nyuma ya lenzi, ikaketi,
ikawa doa.

Mtoto gani huyu, mimba yake miaka kumi na tisa,
na baba mwenyewe hajafika hata hamsini na mbili?
Kwanza alilaumu balbu. Kisha ukungu wa mto Rioni.
Siku aliponiuliza, "Lamara, waya umefika?"
na waya ulikwisha fika, moyo wa mtu ukidunda pale kwenye skrini,
nilisema, "Umefika,"
nikanyamaza.

Walimpasua Alhamisi. Dakika kumi na nne.
Jumatatu alisimama darajani, akaziba jicho moja, akaziba la pili:
kwa jicho jipya mawe ya mto yalikuwa meupe,
kwa lile la zamani, rangi ya chai iliyolala.
"Kumbe nilikuwa naishi ndani ya birika," akacheka.

Hakwenda nyumbani. Alipanda ngazi hadi chumba chetu,
akaishusha ile miwani, akapuliza vumbi, akaifuta kwa shati.
"Mizito," alisema.
"Mizito," nikamjibu,
nisitazame msumarini, ilikobaki yangu,
bado ndani ya nailoni yake.