Robo ya Pishi

Majina yalibandikwa Ijumaa, baada ya sala,
mlangoni mwa ofisi, kwa gundi ya unga wa ngano.
Karatasi moja tu. Skuli nzima ya Mgogoni,
watahiniwa tisini na wanne,
na karatasi yenyewe haikujaa.

Jina langu lilikuwa la tatu kutoka chini:
Raya Mbarouk Kombo, mchepuo wa sayansi, dahalia.
Nikarudi juu kulitafuta lako, Kidawa,
nikashuka, nikapanda,
kama mtu aliyeangusha sindano mkekani
asiyetaka kuamini kwamba mkeka hauna sindano.

Nyuma yangu mtu akasema, "Sita."
Sita kati ya tisini na wanne.
Ningekuwa nawe ungenambia:
"Haya, wamebaki wangapi? Usitumie vidole."

Kambini tulilala madarasani, madawati yamesogezwa ukutani,
wasichana thelathini na mmoja, feni moja isiyozunguka.
Mama zetu walipokezana kupika:
leo muhogo wa nazi, kesho muhogo wa jana.
Saa kumi za usiku Maalim Shaame
aligonga dirisha kwa funguo za pikipiki:
"Nafasi haziongezeki! Nyinyi ndio mnaoongezeka!"
Tukaamka na alama za ukindu mashavuni
tukafungua mitihani ya mwaka juzi.

Sehemu zilinishinda. Robo, thuluthi, thumni,
niliziona kama watu wa harusi nisiyoalikwa.
Ndipo ulipokwenda jikoni ukarudi na pishi ya mchele.
"Pishi ni vibaba vinne. Kibaba ni nini?"
"Robo."
"Nusu ya kibaba?"
"Thumni."
"Bibi yako anayajua haya, na skuli hakwenda.
Sasa wewe unaogopa nini? Ule mstari wa katikati?"
Tukaumwaga mkekani, tukaugawa kwa kingo za viganja,
hata mama yake Hadia akaja kutukemea:
chakula hakichezewi.

Swali la kumi na saba lilikuwa la tangi.
Lina robo tatu za maji, watu wakachota thumni.
Tangi sikuliona.
Niliona mchele, na kiganja chako kikikata.
Nikaandika tano juu, nane chini,
na ule mstari wa katikati nikaukandamiza
mpaka karatasi ikatoboka.

Na wewe? Watu wamesema mengi.
Kwamba kichwa kilikuuma.
Kwamba hukugeuza ukurasa wa mwisho.
Kwamba kuna mtoto wa mtu alipenyezwa.
Kwamba ni jicho, ulisifiwa mno.
Karatasi zenyewe hatukuonyeshwa.
Maalim Shaame alikaa juu ya pikipiki asiiwashe,
kisha akaja akanipa hongera
kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Mchepuo. Litazame neno lenyewe:
ni njia iliyoiacha njia.
Aliyechepuka ni mimi. Wewe ulibaki pale pale,
ukinikunjia sare, ukiandika jina langu kwa wino
chini ya ndoo, ndani ya viatu,
kwenye kifuniko cha sanduku la bati.
"Wasije wakakuibia. Huko wote hodari."
Ukacheka. Nami nikacheka
kwa kuwa wewe umecheka.

Wiki ya kwanza ya dahalia, mwalimu wa hesabu
alisimama nyuma ya kiti changu.
Nilikuwa nimechora vibaba vinne pembezoni mwa daftari.
"Njia nzuri hii. Nani kakufundisha?"
Wasichana arubaini wakageuka,
kila mmoja wa kwanza kwao.
Ningesema Kidawa Faki, wangeuliza:
yuko mchepuo gani?
Nikasema, "Maalim Shaame."

Miaka kumi na minne sasa. Kalamu nyekundu ni yangu,
na kila mwaka kuna mtoto anayetoboa karatasi
kwa mstari wa katikati.
Pokea sahihisho, Kidawa:
swali la kumi na saba, alama mbili,
si zangu zote.
Zigawe mwenyewe.
Mimi bado natumia vidole.