Pembe Tatu

Ng'ombe wa kwenye kijaluba anacheka.
Mwekundu, kavaa hereni,
kinywa wazi kama aliyesikia umbea wa wifi yangu Bikombo.
Namjua toka nina miaka saba:
kila Ramadhani huja kutoka Maskati
katika sanduku la kaka yangu Mbarouk,
kaviringwa ndani ya kanzu asije akabonyea.

Vipande vinane vya pembe tatu,
kila kimoja na nguo yake ya fedha
na uzi mwekundu wa kuivulia.
Tuliobaki Wete tulikuwa watano.
Mama alikata jibini kwa uzi wa kofia,
ncha moja mkononi, moja kwenye meno,
na kila mtu akilikodolea jicho fungu la mwenziwe.

Ng'ombe wa Khatib Shaame, hapa Limbani,
sijapata kumwona akicheka.
Mfungo Tatu waliuza ndama wake.
Alilia siku tatu.
Hakuwa na njaa; kilio cha njaa nakijua.
Alilia kaelekea barabarani,
kamba imemchuna shingo,
na asubuhi Khatib akabisha hodi na ndoo yake:
"Leo yamejaa, dada. Lete chombo."
Nikamwambia chombo kimevunjika.
Nilikuwa nimekishika.

Ndivyo nilivyoanza, hakuna aliyenihubiria.
Nyama sikuiaga hata kuiaga.
Pweza alinichelewesha mwezi mzima.
Samli nikaitilia mafuta ya nazi mahali pake,
na nani atakufa njaa
penye muhogo wa tui, choroko,
na shelisheli la kuchoma linalopasuka lenyewe?

Lakini jibini haikai tumboni.
Inakaa kwenye ufizi, inangoja usiku.
Nikiona boflo la moto, mate yananitoka
kabla sijajua yanamtokea nani.
"Kaacha chizi, kawa chizi,"
alisema Bikombo mbele ya watu, harusini,
nami nikacheka, maana kalisema vizuri.
Mwanangu Raya akaroweka korosho,
akazisaga kwa ndimu na chumvi,
akaniwekea kwenye kisahani, kasimama ananitazama.
Tamu.
Ni korosho.

Usiku wa ishirini na saba wamekwenda msikitini wote.
Nikafungua kabati.
Nikavuta uzi mwekundu.
Nilikula kipande kizima, nimesimama, mlango wa kabati u wazi,
kama mwizi aliyeshindwa kungoja afike kwao.
Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka.
Na ladha haikuwa ya maziwa, wala ya chumvi:
ilikuwa ya ule uzi wa kofia
kwenye meno ya mama.

Asubuhi nikampigia Mbarouk.
"Kaka, usiniletee tena jibini."
Nikasikia magari ya Maskati yakipita.
"Unaumwa?"
"Siumwi."
"Daktari kakukataza?"
"Ng'ombe kanikataza."
Magari yakapita mengine.
Miaka thelathini na miwili,
na hajajifunza njia nyingine ya kusema ananikumbuka;
mimi nami ninavyo vijaluba vyake kumi na kenda rafuni,
vya sindano, vya vifungo, vya mbegu za mchicha,
kimoja kina jino la kwanza la Raya,
na juu ya kila kimoja yule mwekundu, anacheka.
"Haya," akasema. Akakata.

Jana sanduku limefika.
Ndani ya kanzu, bakuli la haluwa,
nyeusi, inanuka hiliki na zafarani hadi uani,
na kikaratasi kwa mwandiko wake wa kukimbia:
*Hii haina jibini.*

Kweli haina.
Ina samli, kifuniko kinateleza vidoleni.
Raya ananitazama.
Nimempigia kaka yangu,
nimemwambia imefika.