Mlango Usioandikwa

Bwawa letu liko nyuma ya ukumbi wa zamani, Upanga,
mita ishirini na tano, vigae vinne vimeng'oka.
Mwenye funguo ni mimi. Mwenye klorini ni mimi.
Miaka kumi na tisa naujua uchafu wa maji haya kwa harufu tu,
na sijui kuogelea.

Milango ni miwili.
WANAUME, kwa rangi ya bluu.
WANAWAKE, nyekundu, herufi ya mwisho imefutika
kwa mabega ya wanaopita.

Kati ya milango hiyo, Januari, joto la kuyeyusha kandambili,
nilimkuta Riziki amesimama na taulo kifuani
kama mtu aliyefika dirishani
akaambiwa fomu yake haijachapishwa.

Kule kafukuzwa kwa kicheko.
Huku kafukuzwa kwa kelele.
Na tiketi kalipa, nimeikata mimi mwenyewe.

Nilitaka kumuuliza. Swali lilikuwa ulimini, limeshavaa viatu.
Nikalirudisha,
maana Kiswahili alichonilea nacho mama, Bi Mwanahawa wa Gerezani,
kina yeye mmoja tu.
Yeye amekuja. Yeye amekula. Yeye analia.
Bibi na babu walilala humo humo ndani ya neno hilo
wala hawakubanana.
Tangu lini rangi ya mlango ikajua sarufi kuliko mama?

Siku ile Riziki aliogelea na nguo alizotoka nazo nyumbani,
akaondoka akichuruzika mpaka barabarani.
Wiki tatu hakurudi.

Bwana Kaganda, mwanachama, alinijia na kidole chake:
"Hili ni bwawa la familia."
"Naam. Riziki ana mama, na shangazi wawili Temeke."
"Unajua ninachosema."
Nilikijua. Nikachota maji kwenye kichupa cha kupimia,
nikatia matone, yakawa waridi,
nikamwinulia machoni: "Maji ni safi, bwana."

Kulikuwa na stoo.
Nikatoa madumu kumi na moja, pampu mbovu,
na mti wa Krismasi wa plastiki
wa sherehe asiyoikumbuka mtu.
Nikapiga chokaa, nikatia benchi, ndoano mbili,
na komeo. La ndani.
Heshima ya mtu hufungwa kwa ndani.

Mkude, fundi rangi, akauliza: "Niandike nini?"
Tulisimama pale hadi brashi ikakauka.
"Acha."

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mwenye titi moja,
kovu la Ocean Road bado bichi.
Alikaa humo muda mrefu, nikamsikia anapiga mluzi.
Halafu, Jumamosi moja, Kaganda mwenyewe
na bintiye wa miaka minne asiyetaka kuvuliwa mbele za watu.
Hakunitazama. Nami nikapata kazi ya kufagia
palipokwisha fagiliwa.

Sisemi mambo yamekwisha.
Kuna aliyeuchora mlango kwa msumari, neno moja.
Nimelipaka rangi mara mbili,
na bado jua likilala upande linaonekana.

Riziki alirudi Machi, mvua zikianza.
Akalisoma lile neno. Akaingia hivyo hivyo.
Komeo likasema: ka.
Nimeishi mjini hapa miaka hamsini na mitatu,
sijasikia sauti ndogo namna ile ikatosha.

Jioni, watu wametoka, akaniuliza,
"Wewe mbona huingii?"
Nikamwambia ukweli wangu.
Akacheka, kicheko kisichomfukuza mtu.

Basi nimelala juu ya maji niliyoyatibu miaka yote hii,
suruali nimeikunja magotini,
kiganja cha Riziki chini ya kisogo changu.
Masikio yamezama.
Pale ukingoni mtu anasema jambo,
naona mdomo unavyokwenda,
silisikii.

Legeza shingo, nasoma midomoni mwa Riziki.
Legeza. Nimekushika.