Darasa Halijapatikana

Saa saba na nusu usiku, Kutaisi.
Chai imepoa mara mbili, na skrini inarudia lile lile:
Darasa halijapatikana.
Kwa maandishi mekundu, kama mwalimu mwenye kinyongo.

Darasa lenyewe si la madawati.
Ni faili moja, kipande cha maktaba niliyoipakua jana,
maktaba isiyo na kitabu hata kimoja,
kazi yake kubeba barua kutoka tovuti ya Otari, fundi wa saa,
hadi kwenye simu yake iliyopasuka kioo.
Nalo lipo! Nimeliona kwa macho yangu haya:
folda ndani ya folda, limejikunja humo
kama paka wangu kabatini.
Nauambia mtambo, lile pale.
Mtambo unasema, sijaliona.

Mwanzoni kosa lilikuwa langu, nakiri.
Niliileta maktaba hadi kizingitini
nikasahau kuikaribisha ndani.
Mstari mmoja tu wa kuiita, juu kabisa ya ukurasa,
kabla ya neno lolote jingine.
Nikauandika. Nikabonyeza.
Darasa halijapatikana.

Ndipo nikakumbuka ukoo.
Nilikuwa naliita kwa jina la kwanza, kana kwamba tumekua pamoja,
na mtambo unauliza: wa nani huyo? wa mlango upi?
Hata mtaani kwetu ukiita Mzia wanageuka watatu:
Mzia wa duka la dawa,
Mzia aliyeolewa Batumi akarudi,
na mimi, Mzia Lomtadze, ninayedaiwa kodi ya miezi miwili.
Nikaandika jina zima: ukoo, mkwaju ulioegemea nyuma,
tawi la ukoo, mkwaju tena, kisha jina.
Kwenye kompyuta yangu barua ikaruka.
Nikapiga kigelegele. Jirani akagonga ukuta.

Nikaipeleka kazi kwenye seva.
Darasa halijapatikana.

Hapo nililia kidogo.
Nikabadilisha vitu kumi bila kujua ninabadilisha nini,
nikavirudisha tisa.
Cha kumi naendelea kukitafuta hadi leo.

Saa kumi kasoro robo nikaiona:
folda nimeipa jina kwa herufi ndogo,
mstari unaiita kwa herufi kubwa.
Kompyuta yangu ni mpole, haijali kimo cha mtu.
Seva haina simile;
herufi ikiinama, dirisha linafungwa.
Nikacheka mpaka paka akahama chumba.
Maana sisi Wajojia hatuna herufi kubwa.
Thelathini na tatu zetu, zote kimo kimoja;
jina la mfalme na neno kitunguu huanza sawasawa.
Nani angenifunza kuiogopa M iliyosimama?

Nikaisimamisha folda yangu. Nikabonyeza.
Skrini ikanyamaza, na kimya kile
sikukiamini hata kidogo.

Asubuhi Otari akapiga simu.
"Imeingia barua. Mama mmoja wa Tskaltubo.
Saa ya marehemu mumewe inakimbia,
kila siku dakika saba. Anauliza kama naiweza."
"Unaiweza?"
Nilizisikia saa zake ukutani, kila moja na lake.
"Hakusema ni saa ya aina gani," akanijibu.
"Ongeza kisanduku cha kuuliza hilo."