Rangi ya Fizi

Usinitafutie fumbo. Kupe ninayemsema hapa
si bwanyenye, si mla jasho la wenzake.
Ni kupe. Miguu minane, umbo la ufuta,
rangi ya chai iliyolala kikombeni,
na yumo sikioni mwa mtamba wangu,
na si peke yake.

Ilikuwa Mei, huku milimani Virginia,
ukungu bado umening'inia kwenye seng'enge.
Namba Arobaini na Moja alibaki nyuma ya wenzake
pale kijitoni, kichwa chini, maji anayatazama tu.
Verlin akasema ni uzito wa mimba ya kwanza.
Nikamfunua mdomo kwa kidole gumba.

Fizi zinatakiwa ziwe kama ulimi wa mtoto mchanga.
Hizi zilikuwa sahani.

Daktari Pruitt alisugua buti zake kwa dawa langoni
kabla hajaingia, na alisugua tena alipotoka.
Alimtoa damu chini ya mkia; ikapanda bombani
nyepesi, kama sharubati iliyoongezwa maji
wageni walipozidi.
Alitaja jina la ugonjwa. Verlin akaliandika kiganjani,
herufi zikamshinda katikati.
Dawa?
Akafunga mkoba. "Mpe kivuli. Mpe maji. Usimkimbize."

Kisha akatuonyesha, ndani ya kichupa, yule mgeni.
"Huyu jike hana haja na dume," alisema.
Haposwi, hatolewi mahari, hana siku ya harusi.
Akianguka nyasini peke yake, ameshiba,
anataga mayai elfu mbili
na kila atakayeanguliwa ni yeye yule.
Verlin alicheka. Kisha akazitazama nyasi.

Nyasi zile tulizipenda. Tuliziacha zirefuke makusudi.

Jioni tukaanza kukaguana, mimi na yeye,
miaka thelathini na mmoja ya ndoa, kwa taa ya kichwani:
nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mkunjo wa shingo.
Kila tuliyemkuta tulimbandika kwenye selotepu
tukaandika tarehe. Mlango wa friji
ukawa na kalenda yake.

Ua tuliujenga kumzuia fahali wa jirani.
Kulungu wanauruka bila hata kuutazama.

Arobaini na Moja alikufa Alhamisi,
weupe wa macho umegeuka ua la boga.
Na ndama tumboni.

Usiku ule nilifungua daftari la mauzo
nikakuta mwandiko wangu mwenyewe:
Aprili, mitamba kumi na wawili, Dewey Akers, ng'ambo ya kilima.
Walilala malisho yale yale. Walikunywa kijito kile kile.
"Pesa imeshaezeka paa," Verlin alisema, mgongo kwangu.
"Na huenda ni kulungu waliompelekea. Nani atajua?"
Nani atajua. Niliigeuza kauli ile mdomoni
mpaka ikaisha chumvi.

Niliinua simu saa nne na robo.
Alipokea Tansy, mkewe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunawa uso.
Sikuanza na radhi. Nilisema, chukua tochi.
Alikwenda nayo simu mfukoni.
Nilisikia mlango wa wavu, changarawe, lango likilia,
kisha pumzi ya ng'ombe, karibu mno,
nikahisi joto lake sikioni huku niliko,
na Tansy akibembeleza, hoo, hoo, tulia mama.

Kimya.

"Nimeufunua mdomo," alisema.
"Zinatakiwa ziwe na rangi gani?"